Mitamba Wawili wa Mwalimu Hermani

Jumapili, 3 Julai 1988

Nimekuwa mtu wa kugombaniwa! Mimi, Hermani Bura, kibarua wa kufagia ghala la ngano! Afisa Elimu ametuma neno kutoka Katesh, likasomwa kanisani baada ya misa, mbele ya Endasak nzima. Kwa alama zangu za Kidato cha Sita naweza kwenda chuo cha ualimu wa shule ya msingi. Au cha ualimu wa sekondari. Nichague mwenyewe! Nifike ofisini nitamke, mwisho Ijumaa tarehe 15. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine.

Patriki, mwenzangu wa ghalani, naye kasomwa. Sijui kwa nini walimsoma kwanza.

Chakula cha mchana nimekula nikiwa tayari mwalimu. Nikamwambia Mama ugali wake ni mzuri ila una makosa madogo madogo. Amenipokonya sahani.

Jioni Baba kaniita zizini. Anataka shule ya msingi. Anasema mwalimu wa msingi hupangiwa karibu na kwao, analima, anaoa, anazika wazazi wake. Wa sekondari hupelekwa Mtwara huko, na akirudi hata kukamua kasahau. Nikakaa kimya kama mtu mwenye mawazo mazito. Kumbe kimya ni mali! Baba akaongeza kwamba nikichagua msingi atanipa mtamba. Hayupo hapa, yupo kwa watu.

Sikuuliza ni watu gani. Kwetu mtu mwenye akili hafungii ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa kwa ndugu na marafiki, huku wawili, kule mmoja. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na ng'ombe wake. Ugonjwa ukipita, hauwamalizi. Na mtoto hamuulizi baba yake ng'ombe wako kwa nani. Ni kama kumuuliza atakufa lini.

Jumanne, 5 Julai

Nimerudi kambini, shamba la ngano. Kufagia tangu asubuhi. Vumbi puani, vumbi sikioni, vumbi kwenye uji. Madereva wa kombaini za kuvunia wanapita wameinua videvu, utadhani ngano wameiumba wao. Ngojeni tu!

Saa nne, kantini. Anayemimina chai ni Scolastica. Ana Kidato cha Nne na anautaka ualimu wa msingi kuliko kitu chochote duniani. Ameambiwa yuko kwenye akiba, asubiri mtu ajitoe. Nikamweleza kwamba mimi nina vyuo viwili na vinanichosha. Akanimiminia chai nusu kikombe. Nadhani ilikuwa imekwisha.

Patriki amekwishachagua. Msingi! Na sekondari alikuwa nayo mkononi! Anasema anataka kwenda uwandani kufundisha watoto wa wafugaji, na kwamba hakuna raha kama kumwona mtoto akisoma jina lake kwa mara ya kwanza. Upuuzi. Watoto tisini darasa moja. Pua tisini zote zinatiririka, na kitambaa ni kimoja, cha mwalimu. Sekondari ndiyo mambo. Masomo mawili tu, viatu vya kung'aa, wanafunzi wanakubebea madaftari. Ni kweli wengine wana ndevu kumzidi mwalimu, lakini hilo nitazoea.

Basi, sekondari. Ila mtamba wa Baba je?

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba. Kazi hakuna, nimekuja nyumbani. Na nani kaingia? Mjomba Hhando, kaka yake Mama, ametoka Tumati, huko Mbulu, kuja kunipongeza! Nimempa shikamoo mbili, moja ya kawaida na moja ya tahadhari.

Mjomba anataka sekondari. Anasema walimu wa msingi wamejaa kila kilima, lakini ukoo wao haujawahi kutoa mwalimu wa sekondari, na yeye amechoka kuchekwa na majirani. Nikakaa kimya tena. Kimya kikafanya kazi tena! Nikichagua sekondari atanipa mtamba.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Kwa nini nichague? Baba nimemwambia zizini kwamba msingi ndio wito wangu. Mjomba nimemsindikiza mpaka njia panda, nikamwambia sekondari ndiyo wito wangu. Wazee wawili wamefurahi siku moja, halafu kuna watu wanasema sina heshima. Mitamba watabaki hukohuko waliko, kama desturi ilivyo, na hakuna jicho litakalowaona pamoja. Wakishatamkwa kuwa wangu mbele ya mashahidi, nakwenda Katesh na kuchagua nitakalo.

Nimewapa majina kabisa. Msingi na Sekondari.

Mama, sijui kanusa nini, kaniambia nikiwa nakunywa maziwa kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nimepiga hesabu. Moja ikiponyoka, inabaki moja. Sasa hasara iko wapi?

Jumamosi, 9 Julai

Tumati! Nimepanda lori la mbao mpaka Dongobesh, nikamalizia kwa miguu. Nimemwona Sekondari. Mwekundu, baka jeupe kwenye paji la uso, macho ya bibi harusi. Sikio la kushoto limeliwa na fisi, limebaki nusu. Haidhuru. Ng'ombe hasikilizi redio.

Mjomba akasema huyu alizaliwa hapahapa na amemlea mwenyewe. Nikampapasa mgongo. Kuwa mwalimu kunapendeza.

Jumapili, 10 Julai

Leo baada ya misa Baba mwenyewe ameanza kunisifia Msingi bila kuulizwa. Mwekundu. Baka jeupe kwenye paji la uso. Sikio la kushoto limeliwa na fisi.

Bahati gani hii! Wanafanana kama pacha! Lazima walizaliwa na dume mmoja. Kuhusu masikio, nimewaza kidogo nikaelewa: fisi wa Mbulu na fisi wa Hanang wana tabia moja.

Baba atatangaza zawadi Jumatano. Mama anaandaa pombe. Majirani wataitwa, maana ng'ombe asiyetamkwa mbele ya watu hajatolewa.

Jumanne, 12 Julai

Kambini. Patriki amekwenda Katesh, ametamka, amerudi. Ananishauri nisingoje Ijumaa, kesho kuna lori linakwenda. Hata akajitolea kunisindikiza. Mbona ana haraka hivyo na maisha yangu? Nimemshukuru kwa sauti ya kutosha na nikamkataa. Siwezi kutamka chochote kabla mitamba hawajatamkwa.

Scolastica kauliza kama nimeamua. Anauliza kila siku. Msichana ameanza kunipenda, dalili zote zinaonekana. Nikamwambia mambo makubwa hayakimbizwi. Akakodoa macho kwenye birika, akasema kama sitaki nafasi niseme tu, wako wanaoitaka. Nikacheka sana. Yeye hakucheka.

Kesho naaga kazini, naumwa tumbo.

Alhamisi, 14 Julai

Tumbo sasa linauma kweli.

Jana watu walijaa. Vibuyu vilijaa. Mzee Qamara, mkubwa wa wazee wa hapa, aliketi mbele. Kila kitu kilikuwa kizuri mpaka nilipomwona Mjomba Hhando akiingia getini na fimbo yake. Nani kamwita? Baba! Kamwita shemeji yake!

Baba akasimama. Akasema mwanawe ameuchagua ualimu wa msingi, naye kwa furaha anampa mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe na sikio nusu, aliyeko Tumati kwa shemeji yake Hhando anakotunzwa.

Mjomba akasimama. Akasema kwa upole kwamba mama wa mtamba huyo kweli ni wa Bura, lakini amemtunza miaka mingi na amezaa ndama wengi, na kila mtu anajua mtunzaji hupewa ndama mmoja wa shukrani. Ndama wake ni huyo wa sikio nusu. Na tayari amekwishamtoa, kwa Hermani, kwa sababu Hermani amechagua sekondari.

Watu wote wakageuka kunitazama. Mimi nikautazama mlima Hanang. Mlima haukunisaidia.

Kwa hiyo mitamba wawili ni mmoja! Hata fisi alikuwa mmoja!

Halafu mambo yakaharibika. Baba akamuuliza Mjomba ni lini alimwambia achukue wa sikio nusu. Mjomba akauliza maziwa ya miaka yote hiyo yalimpa utajiri gani. Mama akasimama katikati, huku kaka yake, huku mume wake, akalia. Sikupenda kumwona Mama akilia. Hilo naliandika ingawa halinisaidii.

Leo asubuhi Mzee Qamara kaamua kesho tunakaa kikao. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba kesho ni Ijumaa, natakiwa Katesh. Akasema mtoto aliyegombanisha wazee hasafiri mpaka wapatane.

Ijumaa, 15 Julai

Kikao tangu asubuhi. Nimekaa chini kwenye majani, jua la utosi. Ng'ombe mmoja mmoja wa Baba na wa Mjomba ametajwa, yeye na mama yake na bibi yake, na nani alimpa nani wakati wa njaa gani. Sikujua ng'ombe wana historia ndefu kuliko Ulaya.

Mchana lori la shamba limepita barabarani likirudi Katesh tupu. Likapiga honi. Nilijua ni dereva gani. Nilitaka kuruka, nikimbie, nidandie. Mzee Qamara akanitazama tu. Nikasikia lori likipanda kilima na kupotea, na moyo ukaniuma, maana ghafla niliona kwamba nautaka sana huo ualimu. Wowote ule.

Jioni wakapatana. Wamekunywa kibuyu kimoja, Baba na Mjomba, wakacheka mpaka wakakohoa. Hukumu: mtamba wa sikio nusu ni wangu siku nitakayoingia chuoni. Msingi au sekondari, wazee hawajali tena. Kabla ya hapo anabaki kwa Mjomba. Na mimi nimechota maji ya pombe ya upatanisho, madebe mpaka mabega yakafa ganzi.

Jumatatu, 18 Julai

Katesh asubuhi na mapema. Shikamoo kwa Afisa Elimu, shikamoo kwa karani, karibu niliamkie na kabati.

Afisa akanifokea kwanza. Siku zimepita, sekondari imepata mtu. Kisha akaguna. Akasema nafasi moja ya msingi bado iko wazi na jina langu halijafutwa. Nitamke tu ndiyo, sasa hivi, aandike.

Ndiyo! Neno moja! Na mtamba juu yake!

Lilikuwa limeshafika ulimini. Halafu nikafikiri. Baba na Mjomba sasa wamepatana, kwa hiyo hakuna anayeshindana. Mtu akisema ndiyo kirahisi hivyo, anajishusha bei. Na Shangazi Bernadina wa Masieda hajaulizwa kabisa anapenda nini! Ana mbuzi wengi. Nikamwomba Afisa siku mbili.

Akavua miwani. Akauliza siku mbili za nini. Nikasema mashauriano ya familia. Akasema sawa, kwa sauti ya chini sana. Mtu muungwana.

Nikitoka nimemkuta Scolastica kwenye benchi, amevaa gauni la kanisani, mikono imekunjwa magotini. Maskini, amenifuata mpaka Katesh! Nikamwambia asikae bure, mimi narudi Jumatano. Akaniuliza kama nimesema ndiyo. Nikasema bado. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaingia ndani.

Nimewaza njia nzima ananishukuru nini.

Jumatano, 20 Julai

Masieda na kurudi. Shangazi Bernadina hajali. Amesema ualimu wowote ni wa Mungu, akanipa hindi la kuchoma na baraka. Mbuzi hata hakuwataja, ingawa walikuwa wakinipita miguuni.

Nimeingia kwa Afisa nikasema ndiyo kabla ya shikamoo. Akasema nafasi imepata mtu Jumatatu, dakika niliyotoka. Binti wa kantini. Aliposikia, alilia ofisini mpaka karani naye akalia.

Nimekaa nje kwenye jiwe. Niseme ukweli, imeniuma. Scolastica atasimama mbele ya pua zile tisini na atazipenda zote. Patriki atakuwa chuo hichohicho na bila shaka atambebea sanduku. Mtamba wangu yuko Tumati anakula majani bila kujua chochote. Nimefuta uso kwa mkono wa shati.

Lakini! Afisa Elimu kanionea huruma, akanipeleka mlango wa pili, kwa watu wa kilimo. Wanatafuta vijana wa mafunzo. Kuna mafunzo ya bwana shamba na kuna mafunzo ya bwana mifugo. Nichague mwenyewe! Mkubwa wao akashika kalamu, akaniuliza lipi, aliandike palepale.

Nikakaa kimya kama mtu mwenye mawazo mazito. Baba bila shaka atapenda mifugo. Mjomba ana shamba la maharage. Nimemwambia asubiri mpaka Ijumaa.