Ufunguo wa Mashine ya Nyasi

Jumatatu, 19 Agosti
Fainali ya mpira wa Kiayalandi, ule wa kudaka na kupiga, ni Jumapili, uwanjani kwetu Kilbrack. Wasichana wa chini ya miaka kumi na minne, sisi na Drumsallagh. Tukishinda, Kilbrack inabaki timu. Tukifungwa, kamati imeshaamua: watoto wamepungua, mwakani timu mbili zitaunganishwa, kocha awe Ultan Heraty, kocha wa Drumsallagh. Ultan, kaka wa mke wangu! Mimi Malachy Tuohy nibaki kubeba chupa za maji. Thubutu.

Lakini nimejipanga. Wale wa Drumsallagh wana mbio, na dawa ya mbio ni nyasi. Wiki ya tatu hii mashine ya kukatia nyasi imelala bandani, eti ufunguo umepotea. Upo kwenye kopo la biskuti, chini ya biskuti, nimelifunga upya kwa selotepu. Ukiliona utasema limetoka dukani leo. Kichwa ninacho.

Jumatano, 21
Mazoezi. Nyasi zimefika magotini. Wasichana wanahema. Muireann, mshambuliaji wetu, kapoteza kiatu. Tumekitafuta tukapata viwili, kimoja cha mwaka juzi. Akauliza kama ufunguo haujapatikana tu. Nikatazama mawingu. Akasema basi alete mbuzi wa bibi yake. Nikakataa.

Alhamisi, 22
Bahati nasibu ya klabu, ukumbini, kama kila Alhamisi. Chai, sandwichi, tiketi. Zawadi ya tatu: kopo la biskuti. Kopo langu! Attracta, mke wangu, kalitoa kabatini mwenyewe. Anasema halijafunguliwa, na sisi tuna biskuti za kutosha.

Nikanunua tiketi ishirini. Akashinda Ultan. Nikamwambia shemeji, sukari itakumaliza, niachie mimi. Akasema kaguswa sana na huruma yangu. Akalikwapua, akaenda zake.

Jumamosi, 24
Nimeamshwa na ngurumo. Ultan, juu ya mashine yetu, anakata nyasi zetu, anatafuna biskuti zangu. Akanipungia mkono. Anasema ufunguo kaukuta chini ya safu ya pili, na kwa kuwa anajua nilivyohangaika kuutafuta, kaona anipunguzie kazi.

Mwenyekiti wa klabu kamshukuru mbele ya watu. Kisha akaniuliza mimi huwa najitolea lini. Uwanja sasa ni zulia. Tumekwisha.

Jumapili, 25
Filimbi ilipolia, wasichana wangu wakachomoka. Sijapata kuwaona hivyo. Wiki tatu wanainua magoti kichakani, leo umewaweka kwenye zulia, nani awashike?

Drumsallagh nao si wa kubeza. Dakika ya mwisho tuko sawa, kumi na nne kwa kumi na nne. Muireann akaudaka mpira hewani, akamkwepa mmoja, akamkwepa wa pili, akaupiga juu ya mwamba, katikati ya milingoti. Mzee wa koti jeupe, mwamuzi wa goli, akainua bendera nyeupe. Juu ya mwamba ni pointi moja, nayo inatosha. Mpira umekwisha.

Nililia. Nikamkumbatia mtu wa kando yangu, nikagundua ni Ultan, nikaendelea tu. Akaninong'oneza kuwa angejua, asingezikata. Kilbrack inabaki timu, na mimi kocha. Furaha niliyonayo haina mfano.

Jumatatu, 26
Gazeti la kaunti limepiga simu. Nimewaeleza kuwa nyasi ndefu ni mbinu yangu ya mazoezi, nimeifanyia utafiti miaka. Attracta alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wivu tu.

Mwakani Ultan atawafundisha wake kwenye nyasi ndefu, namjua. Kwa hiyo mimi nitaulowesha uwanja. Nitafungua bomba la uwanjani siku tatu, na mpini wa kulifungia nimeshauficha mahali pasipoguswa na mtu: ndani ya kopo la majani ya chai, selotepu mpya, rafu ya juu. Safari hii sina haraka, nimeanza mapema.

Attracta kaniuliza tutoe nini kwa bahati nasibu ya Alhamisi. Nimemwambia achukue chochote kabatini, nina kazi ya akili hapa.