Shemeji, Njoo Uchukue Viatu Vyako vya Barafu

Severin Kayumba,
Riverside, Buffalo.

Kwa Bwana Erasmus Rugaba,
Columbus, Ohio.

Shemeji mpendwa na mheshimiwa,

YAH: KUREJESHWA KWA VIATU VYENYE VISU ULIVYOMPA BINTI YANGU YUDITA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa, maana yaliyomo si ya kusoma umesimama. Dada yako Albina hajambo, ila hajui kwamba nakuandikia. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe hucheka, na mambo haya hayataki kicheko.

Utakumbuka kwamba Krismasi iliyopita ulimletea mpwa wako viatu vya kutelezea barafuni. Mimi nilidhani ni pambo. Sasa Yudita, mtoto wa darasa la tatu, ni mchezaji wa hoki ya barafu, na kocha wake anataka nimjibu kabla ya Ijumaa kama tutamleta kwenye mashindano hukohuko kwako Columbus. Kabla sijamjibu, naomba uyapokee malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Baridi. Wewe na mimi tumekulia Bukoba. Baridi ya huku Marekani tuliipokea kama watu wanavyopokea msiba, kwa kuinamisha kichwa. Leo hii, kila Jumamosi, nakwangua theluji juu ya gari ili nimpeleke mtoto kwenye jengo ambamo watu wazima wamekaa wakatengeneza barafu nyingine kwa umeme. Nimeuliza kwa nini wasichezee ile iliyoko nje, ya Mungu.

2. Harufu. Glovu, kinga za magoti na makorokoro mengine ya mchezo huo huanikwa sebuleni kwangu. Zamu yetu ya kusalisha jumuiya ya kanisa nyumbani ilipofika, waumini wote walibanana upande mmoja wa chumba. Mzee Zenoni, mwenyekiti wetu, akauliza kwa upole kama ndani kuna mgonjwa. Nilishindwa kumwambia kwamba ni glovu. Basi mgonjwa akaombewa, tena kwa kirefu, na wiki nzima watu wakawa wananipigia kuulizia hali yake. Nikawa nasema anaendelea vizuri.

3. Aibu. Yudita alimsukuma mvulana wa timu ya Amherst, akaanguka chali. Refa akapuliza filimbi, akamfungia mwanangu kwenye kibanda cha kioo mbele ya umma, kama mwizi wa kuku. Nilijifunika uso kwa skafu. Unajua kwetu mtoto akimuumiza wa mwenzio, baba hakai kimya akasubiri yaishe yenyewe. Kesho yake baada ya misa nilimchukua Mzee Zenoni awe msemaji wangu, Albina akapika sufuria la ndizi na maharage, tukaenda Amherst kuomba radhi. Mzee alizungumza maneno mazito, mkono kifuani, kwa Kiingereza cha kanisani. Wale wazazi wakatazamana. Mtoto mwenyewe akaitwa, akasema hakumbuki, yeye huangushwa kila siku. Kisha baba yake akanipa mkono na kunipongeza kwa kuzaa binti mwenye nguvu. Ndizi walizimaliza tukiwa tumekaa palepale. Habari zimeenea, na sasa wazazi wa timu nyingine wananiuliza mtoto wao ataangushwa lini.

4. Lugha. Hapa ndipo paliponiuma, Shemeji. Nyumbani namsemesha Yudita Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Nimembembeleza, nimefoka, nimezima hata televisheni. Lakini akiwa barafuni, akitaka apewe kile kisahani cheusi wanachokigombania, hupaza sauti: "Lete! Lete hapa!" Anasema ni kwa sababu wapinzani hawaelewi. Sasa timu nzima, watoto wasiojua hata Tanzania iko upande gani, wanapiga kelele "Lete!" Siku ya kwanza nilipolisikia neno hilo machozi yalinitoka, na ndani ya jengo lile la barafu machozi hayakauki vizuri. Unaona ulipotufikisha.

5. Mama mkwe. Mama yako, ambaye miaka yote amekataa kutoka mtaa wa Iroquois kule Louisville kuja kwetu, eti Buffalo itamuua kwa baridi, ametangaza kwamba atakuja Columbus kumwona mjukuu wake. Atakaa benchi la wazazi. Mimi ambaye kwa heshima hata chai mbele yake nainywa nimeinamia kikombe, nitapigaje kelele? Na nisipopiga kelele, Yudita atajuaje kwamba baba yake yupo?

6. Hofu. Hili sikupanga kuliandika. Kila anapoanguka naacha kupumua mpaka ainuke. Naogopa, Shemeji, na mtoto hana habari.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uje mwenyewe uvichukue viatu vyako, na umwambie Yudita kwa kinywa chako kwamba imetosha. Wewe ni mjomba, atakusikia. Mimi nimejaribu. Kila nikianza, ananionyesha jinsi anavyoteleza kinyumenyume, akicheka, nami najikuta nampigia makofi.

Msalimie sana shemeji yangu mkeo, watoto, wanakwaya wote wa huko, na yule jirani yako mwenye mbwa. Mzee Zenoni anakusalimu. Yule mgonjwa wa jumuiya naye anakusalimu.

Ni mimi shemeji yako, kwa masikitiko na mafua,
Severin

Baada ya sahihi: Viatu vile usivifuate tena. Vilianza kumbana, na jana nimemnunulia vingine mwenyewe, vikubwa kidogo ili akue navyo. Kocha naye nimeshamjibu kwamba tunakuja. Nakuomba tu siku hiyo ukae kati yangu na mama mkwe, na jiko lako liwe wazi, maana nakuja na ndizi za kutosha timu zote. Yudita nimemwambia acheze, asimwogope mtu. Radhi nitaomba mimi.