Salamu Ndefu za Mkurugenzi Godefroid

Raia wote wa mji wa Likasi wanajulishwa kwa furaha kwamba matatizo ya kuwauliza wakubwa maswali yamekwisha. Tangu Ofisi ya Visima na Mabomba ilipotoa Utaratibu wa Kuulizwa kwa Heshima, hakuna mtumishi wa serikali aliyeshindwa kujibu swali, kwa kuwa hakuna swali lililowahi kumfikia.

Utaratibu huo aliubuni Mkurugenzi wa Ofisi hiyo, Godefroid mwenyewe, mtu wa suti ya bluu na kitambi cha wastani. Kwa muda mrefu alikuwa ameumizwa na tabia ya wabunge ya kuvamia watumishi. Mtu amekaa zake, hana hili wala lile, mara anaulizwa kazi yake ni nini. Basi akawatungia wabunge wa jimbo kanuni mbili, nao wakazipitisha kwa makofi, maana siku hiyo kulikuwa na kuku wa kukaanga. Kwanza, kila swali liandikwe na jibu lingojewe siku mbili. Pili, kabla ya kujibu, mtumishi awasalimie wote waliomo ukumbini, mmoja mmoja, bila kumruka yeyote.

Ufundi ulikuwa kwenye salamu. Katika mtaa wenye ukumbi wa vikao umeme ulikuwa na mazoea ya kukatika saa sita mchana, na kikao bila maikrofoni si kikao, ni watu wamekaa tu. Wasemaji wavivu hufupisha mambo kwa kusema "tout protocole observé", yaani itifaki yote imezingatiwa, na kuingia kwenye hoja. Godefroid aliyaona maneno hayo kuwa utovu wa adabu. Yeye alianza na mwenyekiti wa tume ya wabunge iliyokuja kuwahoji watumishi, akashuka hadi kwa dereva wa mwenyekiti, akaulizia afya ya kila mmoja, na alipokaribia kujibu, umeme ukamwokoa. Ofisi yake ilikuwa imeokoka hivyo kila kikao.

Siku tunayoisimulia ilikuwa ya mwisho kwa tume ya wabunge kukaa Likasi. Ikipita salama, Godefroid angebaki na kiti chake, gari lake na kiyoyozi chake. Ikiharibika, tume ingependekeza asimamishwe. Tusifiche, alikuwa na hofu. Honorable Marcelline, mbunge mpya, mzaliwa wa mtaa wa Panda, alikuwa ameandika swali fupi: kwa nini mabomba ya Panda yamekauka tangu Pasaka? Ripoti ya Godefroid, ambayo kila mbunge alikuwa nayo mezani, ilisema maji ya Panda ni mengi na safi.

Alipoingia ukumbini akakuta mabenchi ya nyuma yamejaa akina mama wa Panda, kila mmoja na bidoni lake la njano, dumu la kutekea maji. Marcelline ndiye aliyewaalika. Moyo wa Godefroid ukatulia mara moja. Watu wengi namna ile wangemfikisha saa sita akiwa bado kwenye salamu.

"Directeur, parole iko kwenu," alisema mwenyekiti, Honorable Cyrille, akimpa nafasi ya kusema.

Godefroid akasalimia wabunge, akasalimia makatibu, akasalimia askari wa mlangoni. Akatazama saa. Muda ulikuwa bado mwingi, kwa hiyo alipofika kwa mama wa kwanza akaamua kunogesha.

"Jambo mama. Jina yenu ni nani?"

"Mbombo."

"Mama Mbombo, ku nyumba muko bien?"

"Hatuko bien, Papa Directeur," alijibu Mama Mbombo. "Mayi hakuna tangu Pâques. Tunateka mu kishimo, na mbuzi banakunywa mulemule."

Godefroid akatazama saa tena. "Pole, mama."

"Rapporteur, muandike," alisema Marcelline kwa upole, akimgeukia katibu anayeandika. "Directeur anauliza habari ya Panda, bamama banajibu, na Directeur anasema pole."

"Honorable, miye sikuuliza question. Nilikuwa nasalimia tu."

"Njo vile. Question njo inangoya siku mbili, salamu haingoyake. Muendelee, Directeur, musiruke muntu."

Kwa mama wa pili, aliyeitwa Fidélie, Mkurugenzi akabadili mbinu. Akasema "Jambo" kavu, bila kuuliza kitu.

"Jambo, papa. Aksanti sana kwa kuuliza," alisema Fidélie, na akasimama. "Mama-mukwe wangu alikufa. Siku ya kumuosha, nikapita mlango kwa mlango nikiomba mayi. Kikombe hapa, kikombe pale. Tukamuosha nusu, papa. Tukamuzika vile."

Godefroid aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda hadi masikioni, na kwa kuwa hakuizoea, akaikasirikia. Nyuma ya Fidélie mama wengine walikuwa wanajitengeneza vitenge, wakingoja kusalimiwa.

Saa sita ikafika. Maikrofoni ikakoroma, ikafa. Godefroid akafunga ripoti yake, akatangaza mwisho wa kikao.

"Honorable Président, courant imeenda. Séance imeisha."

Honorable Cyrille alitazama mabenchi ya nyuma. Mabenchi yote yalikuwa na kadi za kupigia kura.

"Séance imeisha, ni kweli," alisema. "Lakini salamu haiombake courant. Directeur, utaacha bamama nusu bila kuwasalimia? Tutasema nini huko inje?"

Basi Mkurugenzi akaendelea, bila feni, ndani ya suti yake. Akasalimia benchi moja, akasalimia jingine, akapewa habari za vipele, za matumbo, za nguo za shule zisizofuliwa. Sauti ikaanza kumkwama. Chupa yake ya maji ilikuwa tupu. Akaomba nyingine, tarishi akaenda kwenye bomba la ukumbi, akarudi mikono mitupu.

Mama Mbombo akafungua bidoni lake, akamimina kikombe, akakileta kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kitu kidogo kilikuwa kinaogelea humo.

Honorable Cyrille akajikohoza. "Ni muzuri. Directeur akikunywa, tutaandika: rapport yake ni ya kweli, na kiti ni yake. Akikatala, tutaandika: anakatala mayi yake mwenyewe. Ile ingine munaijua."

Wabunge wote waliinua vichwa. Godefroid alishika kikombe kwa mikono miwili na kukichungulia. Alisahau cheo chake, alisahau kanuni zake, akamgeukia Mama Mbombo kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Mama, mayi hii inatoka wapi?"

Mama Mbombo akafungua mdomo, lakini Marcelline akamwahi kwa kuinua kidole.

"Directeur, ile sasa njo question. Muiandike muzuri, halafu mungoye siku mbili. Mu kungoya, munywe."