Hajajikuna Tangu Uhuru

Issa Makoti alimwona Kasiani bandarini Mtwara, akijisugua mgongo kwenye ubao wa lori la korosho. Mtu mwingine angeona karani anayewashwa. Issa aliona redio.

Maana redio ya Kasiani, kule Shangani, ilisikika mpaka ufukweni, na Issa alikuwa na udhaifu wa kupenda vitu vya watu.

"Pole, ndugu yangu. Ukurutu huo?"

Kasiani akakiri. Mkewe Rozalia, muuguzi, alikwisha kumweleza mara mia: hauambukizi, wala hakurogwa, ni ngozi yenye hasira za kuzaliwa nazo, huja na kwenda, kazi ni kuituliza. Maji ya baridi, mafuta mwili ungali na unyevu, kucha fupi. Kila siku. Kasiani alichoshwa na hilo neno kila siku. Alitaka kupona Ijumaa.

"Mimi niliota magamba, watoto wakaniita samaki," Issa akasema. "Nikapata dawa kijijini Kitaya. Sijajikuna tangu Uhuru."

Dawa yenyewe, Mungu atusamehe sote, ilikuwa mafuta ya nazi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Tena, kwa maneno ya Issa, haiuzwi, ikiuzwa hukasirika. Hubadilishwa na kitu ukipendacho, na kilichokwisha kutolewa hakirudi. Kasiani akasema anachokipenda ni Rozalia. Issa akafikiri kidogo, akauliza kama nyumbani hamna redio.

Jumapili akafika Shangani, akamkabidhi Kasiani chupa, akanyoosha mkono. Rozalia, aliyeinunua redio ile kwa zamu zake za hospitali, akalitazama koti la mgeni: joto lile, vifungo mpaka kooni, mikono mpaka vidoleni. Akaita majirani washuhudie, na majirani wa Shangani hawaitwi mara mbili. Mgeni akaombwa ale korosho kwanza. Akakalishwa upepo unakoelekea, moto ukawashwa chini ya debe la korosho zenye maganda.

Mtu wa Mtwara haelezwi moshi ule wa mafuta ya maganda unavyowasha. Hata ngozi nzima huulalamikia. Ngozi ya ukurutu huuandikia barua serikalini.

Issa akakohoa. Akasimulia habari za Kitaya mbio mbio. Akaegemea nguzo, akaanza kupanda na kushuka taratibu.

"Unawashwa, shemeji?" akauliza Mwanahawa, jirani.

"Nina furaha tu, mama."

Korosho zikashika moto. Koti likaruka huku, shati kule, na mbele ya kadamnasi mtu asiyejikuna tangu Uhuru akajikuna kwa mikono miwili na kisigino. Viwiko, shingo, tumbo: ukurutu mtupu, mkavu, umepasuka. Watu wakacheka mpaka kuku wakahama uani. Kasiani peke yake hakucheka, alijua kunavyouma.

Rozalia akammwagia Issa maji ya baridi, kisha akaichukua chupa kwa mumewe.

"Haiponyi, lakini ukipaka kila siku inatuliza. Bahati mbaya haiuzwi, fundi. Wewe unapenda nini?"

Kabla Issa hajayazuia, macho yake yaliteleza mpaka mlangoni, kwenye viatu vya rangi mbili alivyovivua alipoingia.

Vilimtosha Kasiani kama vilishonwa kwa ajili yake.

Issa akarudi peku, akinukia nazi, chupa kifuani, na mwili umetulia kabisa. Hilo ndilo lililomuuma: mara moja tu maishani dawa yake ilikuwa ya kweli, na aliyeuziwa alikuwa yeye.