Mlango wa Kalenda ya Senge

Jumatatu, 4 Agosti

Senge Dorcas anakuja! Pascalia kaniambia leo baada ya mazoezi ya kwaya. Senge ni shangazi yake, dada ya marehemu baba yake, ndiye aliyemlea kule Mumias. Kwao, senge akisema kijana anafaa, wazee hupanga siku ya mahari. Akisema hafai, nenda ukatafute kwingine. Anafika Ijumaa, anaondoka kwa basi la Jumamosi jioni. Nina siku moja ya kupimwa.

Tena ana haja yake. Ukutani kwake kuna kalenda ya zamani yenye picha tatu za Mombasa: zile pembe za ndovu za barabarani, Fort Jesus, na mlango mmoja wa nakshi. Ameitazama tangu Pascalia akiwa mtoto. Anataka kuviona vyote kwa macho yake kabla ya basi. Nikamwambia Pascalia aniachie mimi, Mombasa naijua kama kiganja changu.

Ukweli ni kwamba nina miaka mitatu hapa Likoni. Navuka feri kwenda kazini Changamwe, navuka kurudi. Fort Jesus mimi pia nimeiona kwenye kalenda.

Na kuna Ronny. Anaimba besi, ana kazi ya kutoa mizigo bandarini, ana gari jeupe, na anamnyemelea Pascalia tangu Pasaka. Kashajitolea kumwendesha Senge. Mimi nina miguu.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: elimu. Nilikwenda kwa Faki, anayeuza viazi karai karibu na feri. Kazaliwa Mji wa Kale, babu zake wote wamezaliwa huko. Nikamwambia anifunze jinsi ya kuingia kule bila kuonekana mshamba.

Shida ya Faki ni kwamba hawezi kufunza kabla ya kusalimu. Akaniuliza hali, kazi, wazazi, afya ya wazazi. Viazi vyangu vikapoa. Mwishowe akasema nisalimie kila mtu, nisipige watu picha bila idhini, nivue viatu. Akasema pia kwamba mtu wa kwao hawezi kula akakuona unapita asikukaribishe. Na wewe ukikaribishwa, kaka, jibu ni...

Hapo wakaja wateja wa feri. Nikaondoka. Jibu nalijua. Mtu akikukaribisha unakaribia, kwani kuna jingine?

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili: uchumi. Kiingilio cha Fort Jesus kwa watu watatu, na mfuko wangu mwezi huu una upepo tu. Nimelifikiria jambo hili kazini hadi msimamizi akaniuliza kama naumwa. Jawabu limekuja saa ya chai. Jengo ni nini? Ni ukuta! Na ukuta wa ngome uko nje, bure, kwa yeyote mwenye macho. Waliojenga walitaka uonekane nje, ndiyo maana wakaujenga mkubwa hivyo.

Chakula cha mchana: njugu.

Najisikia mtu wa akili sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Ronny ameosha gari mbele ya lango la Pascalia, Mtongwe. Lango la Pascalia! Kwake hakuna maji?

Nikamwambia Pascalia kwa upole kwamba baridi ya ndani ya gari huharibu vifua vya wazee. Akanitazama. Akasema Senge ataketi mbele na Ronny, na mimi nikitaka niketi nyuma niwe naeleza. Kama redio!

Nilikubali kwa heshima. Kisha nilikwenda kulala nikiwa na uchungu wa kweli. Nampenda yule msichana. Nikimkosa kwa sababu ya gari, sijui nitaimbaje upande mmoja na Ronny.

Ijumaa, 8 Agosti

Senge kafika. Mama mrefu, sauti kubwa, na hacheki ovyo. Aliniangalia juu hadi chini akauliza, Dishon, kwani Likoni hakuna ugali? Ronny alimletea soda. Mimi sikuleta kitu, nikasema Mungu ambariki.

Kaja na kalenda yenyewe! Kaikunja na kuifunga kwa uzi. Anasema ataiweka kando ya kila kitu aone kama mpiga picha alidanganya.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa bado na ladha ya nazi mdomoni. Ushindi!

Asubuhi tulipanda gari la Ronny. Tulikwenda hadi mwisho wa foleni ya magari ya feri, mbali kabisa na maji, na hapo tukakaa. Tukakaa sana. Senge akauliza wale watu wanaotupita kwa miguu wanakwenda wapi. Nikamwambia wanavuka, tena bure. Senge akarudia hilo neno, bure. Kisha akafungua mlango wa gari.

Tukamwacha Ronny ameshika usukani. Nilimpungia mkono.

Ng'ambo nikakodi tuktuk, ndio gharama yangu kubwa ya siku. Pembe za ndovu: Senge alipita chini yake, akarudi, akapita tena, akafungua kalenda akasema ni zenyewe. Moja! Fort Jesus: akautazama ukuta muda mrefu, akaugusa. Akauliza ndani kuna nini. Nikasema nyasi. Akasema nyasi hata Mumias zipo, twende. Mbili!

Bado mlango. Tukaingia Mji wa Kale na kalenda mkononi, tukilinganisha kila mlango. Huu una maua, ule wa kalenda una minyororo. Jua kali. Njugu zikaisha. Senge akaanza kunyamaza, na Pascalia akaninong'oneza kwamba Senge akinyamaza ni vibaya.

Basi tukafika penye mlango mkubwa ulio wazi. Ndani ukumbini watu wa nyumba wameketi mkekani wanakula. Nikatoa shikamoo kwa mama mtu mzima. Akaitikia marahaba, akasema karibuni chakula.

Nikasema ahsante. Nikavua viatu, nikaketi.

Pascalia alinifinya mgongo, sijui kwa nini. Watu wa nyumba walitazamana, tonge mkononi. Kisha yule mama, Bi Mwanabibi, akasogea akatupa nafasi, na binti yake Nadira akaenda jikoni. Wali wa nazi! Samaki wa kupaka! Senge akaomba Mungu kwa Kiluhya, maombi marefu, nyumba nzima ikaitikia amina. Kisha akala kama nilivyotarajia kwa mwili ule. Pascalia hakula sana, alikwenda jikoni kumsaidia Nadira kuosha vyombo.

Senge akatoa kalenda. Bi Mwanabibi akavaa miwani, akasema mlango huu, mwanangu, uko Lamu.

Lamu! Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Lakini Bi Mwanabibi akaongeza kwamba huu wa kwake aliuchonga babu ya mumewe, na mgeni hatoki mbali hivyo akarudi bila mlango. Akampa Senge aufungue na kuufunga mwenyewe. Senge alipapasa nakshi zote kwa kidole. Macho yake yalikuwa na maji. Akasema kalenda ilidanganya, huu ni mzuri zaidi.

Hapo akatokea Ronny, jasho linamchuruzika. Alikuwa ameelekezwa na Pascalia kwa simu. Bi Mwanabibi akamwambia karibu chakula. Ronny, mtoto wa Changamwe, kazaliwa hapa hapa, akaweka mkono kifuani akasema ahsante mama, nimeshiba. Akabaki amesimama mlangoni. Tumbo lake tulilisikia sote.

Senge alimtazama vibaya sana.

Tulipomsindikiza kwenye basi alitoa hukumu. Huyu wa gari ana kiburi, anakataa chakula cha watu. Lakini Dishon, kijana mwembamba vile, ana marafiki wakubwa mjini, anaingia kwao bila hodi na wanamlisha. Watu wake waje kwetu Desemba na mahari.

Sikumsahihisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenye wivu ajinyonge.

Jumapili, 10 Agosti

Ronny leo kaimba besi kwa sauti ya chini.

Pascalia hakuja kanisani. Alivuka asubuhi na kikapu cha machungwa kwenda kumwomba radhi Bi Mwanabibi. Radhi ya nini? Nimefurahi hata hivyo, urafiki wa familia zetu unakua.

Jioni nilikwenda kumshukuru Faki. Nikamsimulia yote. Aliweka mwiko chini. Akasema wallahi, kaka, jibu ni ahsante, nimeshiba, kisha unapita. Karibu ile ni adabu. Alicheka mpaka viazi vikaungua.

Nimemhurumia. Kazaliwa kule, na hajui mila za kwao.

Senge amepiga simu. Ameusimulia ule mlango kijiji kizima, na wazee wa ukoo hawatungoji kwao. Watakuja wao Desemba, na basi lao, waone mlango na kula na rafiki zangu. Nikamwambia karibuni wote.

Nimerudi kwa Faki kumuuliza kitu kimoja tu: Jumamosi, Mji wa Kale hula saa ngapi?