Jani la Salum

Jumatatu, 5 Mei

Vita imeanza! Mzee Dadi, mjomba wa mke wangu, ametuita wakwe zake wawili: mimi na mwanyumba wangu Salum, aliyemwoa Nasra, mdogo wake Shadia wangu. Bonde la marehemu bibi yao halina wa kulilima. Litapewa nyumba moja. Sharti: Ijumaa baada ya swala, kila mkwe alete mmea wa mlimani, aeleze kazi yake, aupike, wazee waonje.

Shadia amekulia kwenye bonde lile. Mlenda, mchunga, mnavu, mboga zote hizo alijifunza kuchuma huko. Akilitaja tu, sauti inambadilika. Nimemwapia litakuwa lake. Akasema atanifundisha mimea. Nikamwambia atulie, mwanaume yuko kazini. Ni kweli mimi fundi cherehani wa mjini, na mchicha na mnavu bado vinanichanganya. Lakini akili ninayo.

Jumanne, 6 Mei

Nimeanza mwenyewe. Nimeng'oa mmea wenye afya sana nyuma ya nyumba ya jirani yetu Mwanvita. Mmea wa porini kabisa! Kumbe ni miche yake ya nyanya chungu. Amenifuata hadi sebuleni na mwiko mkononi. Nimeomba radhi mara tatu. Shadia akauliza kama sasa niko tayari kufundishwa. Mpango mpya: Salum lazima ataenda mlimani. Nitamfuata.

Jumatano, 7 Mei

Ushindi! Salum amepanda mlimani alfajiri. Nikajibanza nyuma ya mgomba. Kwanza alichuma mboga za kawaida, za kina mama. Zuga tu, hiyo! Mara akasimama ghafla. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaenda mbio kwenye kichaka chenye majani mapana. Hakuchuma ovyo, la! Alipapasa jani moja moja, akachagua yaliyo laini. Akapotea nyuma ya jiwe kubwa. Aliingia amekunja uso. Alitoka mwepesi, anapiga mluzi.

Hiyo ndiyo siri yake. Nimejaza gunia zima.

Alhamisi, 8 Mei

Shadia anataka kuona kilichomo guniani. Nimelifunga mafundo manne. Akasema majani ya mlimani yana adabu zake: mengine huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa; mengine hayaliwi kabisa. Akanisihi: nionyeshe moja tu, mume wangu. Nikamwambia siri ya watu wawili si siri. Nimelala na gunia miguuni.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepika mwenyewe, mlango nimeubana kwa kinu. Karanga nyingi, nyanya, chumvi. Sijaonja. Sikutaka kupunguza.

Mbele ya wazee, Salum alianza. Kaleta mchunga wa nazi. Akaeleza unavyochemshwa na maji machungu kumwagwa, na kwamba ule uchungu unaobaki ni mzuri kwa tumbo. Akaonyesha na mbegu za mlonge za kutuliza maji ya mto yakichafuka masika. Kisha akajimaliza mwenyewe! Akasema yeye ni mgeni hapa, mtu wa Mikese, hajui kitu, yote kamuuliza mkewe. Nikatabasamu.

Nikasimama. Nikasema hili ni jani la siri, huondoa uzito, huleta wepesi wa mwili papo hapo. Mzee Bonifasi, rafiki yake Mzee Dadi, alishameza matonge mawili. Mzee Dadi akachomoa jani moja, akalitandaza kiganjani, akalipapasa. Akasema kila mkata kuni wa mlima huu analijua jani hili, na kazi yake ni kweli kama nilivyoeleza, ila haianzii mdomoni; humalizia nyuma ya jiwe.

Salum akaanguka kwenye mkeka kwa kicheko. Mzee Bonifasi akatoka nje haraka.

Kisha Mzee Dadi akasema ardhi yao hupita kwa wanawake, na mimea wanawake wao wanaijua tangu utotoni. Alichotaka kujua ni mkwe gani anamsikiliza mkewe. Bonde kampa Nasra.

Shadia hakucheka wala hakunilaumu. Aliosha sufuria yangu, akaifunika. Nimeumia sana. Afadhali angenipiga nayo.

Jumamosi, 10 Mei

Nasra kamletea dada yake kapu la mchunga kutoka bondeni. Shadia kaupika, macho yamemlowa. Kasema ni moshi. Mtamu kweli.

Lakini bado sijafa! Mzee Dadi kasema kipande cha migomba nacho kitagawiwa mwezi wa nane. Shadia akaja, akakaa karibu yangu, akasema kuhusu migomba ana jambo la kuniambia. Nikamwomba asinikatize, nafikiri.

Nasikia kesho Salum anapanda tena mlimani. Nimeshaandaa gunia. Kubwa zaidi.