Mweka Hazina wa Tupeane Maarifa

Daktari wa Hisa hakuwahi kutibu mtu wala kumiliki hisa. Alikuwa fundi aliyechoka kuinama nyuma ya friji za watu. Siku alipoingizwa kwenye kundi la wawekezaji mtandaoni, akaona watu wazima wakipongezana kwa grafu ambazo hakuna aliyezielewa, moyo ukamwambia: riziki yako hii hapa.

Baada ya mwezi alikuwa na kundi lake, Tupeane Maarifa, watu mia tatu. Kila asubuhi aliwatumia grafu. Moja aliituma kichwa chini, na mhasibu mwenye shahada mbili akajibu, "Leo umenifumbua macho, Daktari."

Mmoja tu ndiye aliyeuliza la maana, mama mshonaji: "Samahanini jamani, mimi sikusoma. Hiyo faida inatoka wapi hasa?"

Walimcheka, kisha wakampenda. Mkweli wao huyo! Daktari akapiga hesabu zake, akampigia simu.

"Dada, watu wanakuamini. Uwe mweka hazina. Michango ipitie kwako, mimi nitakuelekeza."

"Pesa za watu? Hapana, kaka. Usingizi nitaupata wapi?"

Alimbembeleza siku nne. Alipokubali, tena kwa kilio, Daktari alifurahi hadi akatanguliza akiba yake yote ili wengine waone na kufuata. Wakafuata mbio.

Jumatatu asubuhi akaunti ilikuwa tupu na simu ya mshonaji haipatikani. Daktari akakimbilia dukani kwake. Akamkuta kinyozi.

"Mshonaji? Mwaka wa sita huu nipo hapa, sijamwona."

"Lakini alinitumia picha ya cherehani!"

Kinyozi alimtazama kwa huruma, akaendelea kunyoa.

Kundini ilikuwa kelele tupu, hadi alipoingia mwanasheria mmoja, mpole kupindukia. Pesa zitarudi, alisema. Inatakiwa ada ndogo tu ya kufungua jalada. Watu wakasita. "Daktari, wewe ndiye mtaalamu. Unasemaje?"

Daktari aliusoma ujumbe mara mbili. Lugha safi, na muhuri juu yake. Akauza vifaa vyake vya ufundi, akalipa, akabandika risiti kundini.

"Nimeshalipa. Huyu ni mtu wa kuaminika."

Kabla ya adhuhuri wengine mia mbili na themanini walikuwa wamelipa. Wakamshukuru Daktari kwa kuwaonyesha njia, na mwanasheria akajitoa kundini bila kuaga.